Kinanda cha Nyuma ya Ukuta

Oran, 9 Machi 2014

Zoulikha binti yangu,

Salamu zangu zimekuja na mzigo. Bouziane, dereva wa basi la Bechar, ameapa kwamba atauweka kwenye kiti cha nyuma yake na si kwenye buti, nami nimemwambia ukifika na mkwaruzo nitamsema msikitini mbele ya wakwe zake.

Ndani ya blanketi kuna kinanda changu cha umeme. Ndicho hichohicho, kile ulichochapwa vidole kwa sababu yake ulipokuwa na miaka saba. Sasa ni chako. Kimenitia aibu na sitaki kukiona.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwa akina Belhadri, wanamtoa binti yao wa mwisho. Kazi yangu unaijua: wanawake uani, mimi jikoni nyuma ya ukuta, waya umepitishwa dirishani hadi kwenye spika zao. Sioni mtu wala sionwi. Vigelegele vikipigwa ndipo najua bibi harusi kafika mlangoni, naanza wimbo wake, naye anapiga hatua ya kwanza. Nimefanya hivyo miaka thelathini na mitatu, na hakuna bibi harusi aliyewahi kuningoja. Huyu alisimama mlangoni mpaka wanja ukaanza kumchuruzika, na kinanda kimya. Vikongwe wakaanza kunong'ona kuwa ni kisirani. Mama yake alikuja jikoni akanitazama kama aliyenikuta na mkono kwenye kabati lake. Nikamwambia kinanda kimekufa.

Basi kimekufa. Lakini kabla hujakitupa nifanyie jambo moja. Uliwahi kuniambia kwamba unacho kinanda kama hiki ndani ya kompyuta, kila kifundo mahali pake, unakizungusha kwa kidole kwenye kioo. Nilikucheka. Sasa viweke viwili hivyo pamoja, unieleze kwa maneno, kama unavyowaeleza wanafunzi wako hesabu, sauti zake zinatofautianaje. Hasa kule juu, kwenye ncha ya sauti. Nataka kujua tu.

Usinipigie simu. Siku hizi inanguruma sikioni kama kinu cha kahawa, na nimeshampa mjukuu wa mama yako mkubwa Kheira aichezee. Barua mpe Bouziane.

Mjomba wako,
Lakhdar


Bechar, 20 Machi 2014

Mjomba mpendwa,

Maiti yako imefika ikiwa hai.

Nilikitoa kwenye blanketi, nikakiunganisha na ile spika yangu ndogo, nikawasha nikitegemea moshi. Badala yake kikaimba. Paka wa jirani aliruka kutoka dirishani. Vile vifundo ishirini na sita vyote vinazunguka, isipokuwa kimoja kinachokwaruza kidogo, na alama za rangi ya kucha alizokuwekea marehemu mkeo bado zipo, nyekundu za harusi na waridi za tohara. Nimevigeuza vyote kufuata alama nyekundu na nikapata sauti yako. Nilikaa sakafuni, maana sauti hiyo mara ya kwanza niliisikia mama yangu akiwa hai.

Kisha nikafungua kompyuta. Nikavipanga vifundo vya kwenye kioo vilevile, alama kwa alama. Ukitaka jibu la haraka: mtu wa mtaani hatofautishi. Ukitaka jibu la mwalimu wa hesabu, sikia hili. Nimebonyeza kibao kimoja mara kumi kwenye kompyuta, nikapata sauti moja mara kumi. Nikabonyeza kile kile kwenye kinanda chako mara kumi, nikapata sauti kumi ambazo ni ndugu. Moja inaanza kwa ukali kidogo, nyingine inachelewa kufumbuka. Zile sauti zako mbili za ndani, ulizokuwa unaziita mume na mke, hazikubaliani hata mara moja, kila mmoja anamvuta mwenzake pembeni. Za kompyuta zinakubaliana kama wafanyakazi mbele ya bosi.

Nina habari nyingine. Watu wa Miloud, yule mwenye duka la dawa karibu na shule yetu, watakuja kwako kabla ya Ramadhani. Nimeshamkubali. Najua nina miaka thelathini na tisa na mtaa mzima ulishanifungia faili. Wewe ndiye uliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki, kwa hiyo nitatolewa nyumbani kwako, kutoka chumba cha juu, nishuke ngazi mpaka uani. Sitaki dhahabu wala farasi. Ninataka jambo moja tu: nitakapotoka mlangoni, wewe uwe jikoni nyuma ya ukuta na wimbo wangu uupige wewe. Niahidi hilo, mengine nitajipangia.

Binti yako,
Zoulikha


Oran, 2 Aprili 2014

Mwalimu,

Nimesoma barua yako mara tatu na mara zote nimelia, na ukimwambia mtu nitakana. Mwenyezi Mungu akubariki wewe na huyo muuza dawa. Waje. Nimeshamwambia Kheira apake chokaa uani, naye ameanza kunipangia kazi kana kwamba nyumba ni yake.

Kuhusu kupiga wimbo, binti yangu, nitapigaje na kinanda kigonjwa? Kimekuonyesha meno siku ya kwanza kwa sababu kimefika ugenini. Mimi nakijua. Kiwashe alfajiri ukiache mpaka alasiri, chumba kikipata joto utaona kitakavyokusaliti. Vipande vyake vya ndani vinaona baridi na joto kama goti la mzee. Sauti inahama, na siku ikifika inazimika kabisa. Fanya hivyo uniandikie.

Sasa nina maswali, na usinicheke. Moja: katika kinanda changu sauti ni umeme wenyewe unaotetemeka, ukigusa mahali pasipopaswa unatetemeka nao. Katika kompyuta ni nini kinachotetemeka? Namba zinaweza kutetemeka? Pili: ile noti ya tatu ya wimbo wa bibi harusi, isiyokuwa hapa wala pale, ambayo mimi naipata kwa kusogeza kifundo cha kushoto unywele mmoja, wewe kwenye kompyuta unaipataje? Tatu: ukifungua kichujio, kile kifundo kinachopitisha sauti nyembamba, mpaka mwisho, kule juu kabisa sauti inakuwaje? Ni kali? Inauma? Inameremeta? Andika kwa urefu, karatasi si ghali.

Lakhdar


Bechar, 19 Aprili 2014

Mjomba,

Nimefanya kama ulivyoagiza, na wasichana watano wa darasa la mwisho wamenisaidia kwa zamu siku ya mapumziko. Tulikiwasha alfajiri. Kompyuta pembeni ilikuwa inasikiliza na kuandika kila baada ya dakika kumi sauti imesimama wapi. Upepo wa jangwani ulivuma kutoka saa nne, chumba kikawa tanuri, wasichana wakala kilo mbili za tende zangu.

Kinanda chako kilihama nusu saa ya kwanza, kama mtu anayejinyoosha akiamka. Kisha kikatulia. Adhuhuri joto lilipopanda sana kilisogea tena, kidogo mno, kiasi ambacho wewe mwenyewe ungekirudisha kwa kidole kimoja huku unakunywa chai. Mpaka magharibi hakikuzimika hata mara moja. Kinanda cha kompyuta hakikusogea kabisa, maana hakijui kama kuna joto duniani. Ila kompyuta yenyewe ilingurumisha feni yake mpaka tukadhani inaruka.

Majibu yako. Namba hazitetemeki, zinapangwa haraka sana mpaka spika inadanganyika na kutetemeka kwa niaba yao. Noti ya tatu niliiandika katikati kabisa ya noti mbili jirani zake, nusu kamili, kwa sababu ndivyo vitabu vinavyosema. Ni sahihi na ni mbaya. Nilipoilinganisha na alama yako nyekundu nikakuta ya kwako imelala chini kidogo. Nikashusha namba mpaka zikalingana, na wimbo ukawa wa Oran. Hesabu yangu ilikosea na rangi ya kucha ikapata, nakiri hilo hadharani.

Hili litakufurahisha: kwenye kioo kuna kifundo ambacho kinanda chako hakina. Ukikizungusha, kinanda cha kompyuta kinaanza kujifanya kizee, sauti zinayumba kwa makusudi. Watu wamekaa ofisini wakahesabu makosa ya mashine kama yako na kuyaweka ndani kwa utaratibu.

Basi, kinanda ni kizima. Nimeongea na mama mkubwa Kheira kwa simu, na anasema kule kwa akina Belhadri vigelegele vilipigwa mara tatu, na mara ya tatu mpaka wapita njia walisimama. Kwa hiyo nauliza: kwa nini hukuanza? Anasema pia siku hizi una majivuno, ukisalimiwa kibarazani huitikii. Na kila nikitaja kupiga wimbo wangu unaniletea hadithi ya joto. Kama hutaki kunipigia kwa sababu Miloud aliwahi kuoa na kuacha, sema. Kama ni kwa sababu mimi napiga kwa kompyuta kwenye harusi za walimu wenzangu na wewe unaona ni mchezo wa watoto, sema pia. Mwaka juzi nilikwambia uje nikufundishe kompyuta, utakuja kuihitaji, ukakataa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Zoulikha


Oran, 28 Aprili 2014

Zoulikha,

Nimepokea. Una kompyuta isiyohama, isiyochoka na isiyochelewa. Iambie ikupigie yenyewe siku hiyo. Nyumba ni yako, ngazi ni zako, uani patakuwa pamepakwa chokaa. Mimi nitakaa dukani kwangu nikitengeneza televisheni mbovu, hizo haziniulizi maswali.

Lakhdar Bensaha


Bechar, 14 Mei 2014

Mjomba wangu,

Uliposaini kwa jina la ukoo nikajua nimekuumiza. Sijawahi kupokea barua yako yenye jina la ukoo, hata nilipofeli mtihani wa kwanza wa chuo. Nimekaa nayo wiki mbili. Kwanza nilikasirika, nikamwambia Miloud kwamba mjomba wangu ni mzee mkaidi. Yeye akauliza swali moja tu la duka la dawa: "Ana umri gani, na ilianza lini?" Nikamjibu kwamba ukaidi wako ulianza kabla ya uhuru. Hakucheka.

Usiku ule sikulala vizuri, asubuhi nikazitoa barua zako zote nikazipanga mezani. Unanijua, siwezi kuona vitu vitatu bila kutafuta kinachofanana. Katika barua mbili umeniuliza sauti ya kule juu ikoje, na mara ya pili ukauliza kama inameremeta, kama mtu anayeulizia mji aliohama. Simu umeigawa. Kheira anakusalimu huitikii. Bouziane nilimuuliza, akasema siku ya kuleta barua yangu alibisha mlango wako mpaka mkono ukamuuma, na taa ilikuwa inawaka, na wewe ulikuwa humo ndani umempa mgongo unatengeneza redio.

Kisha nikafanya jaribio jingine, la mwisho. Kwenye kompyuta nilikuwa na vigelegele nilivyorekodi harusi ya mwalimu wa fizikia. Nikachukua kichujio cha kinanda chako na kuanza kukifunga polepole, kutoka juu kushuka. Ngoma zilibaki. Makofi yalibaki, yakawa mazito. Vigelegele vilikuwa vya kwanza kuondoka. Nilikifunga robo tu na vilikuwa vimekwisha, uani pamebaki wanawake wanaopiga makofi.

Ile methali niliyoiandika naomba uichane. Sikujua ninachokiandika.

Mjomba, unasikia?

Zoulikha


Oran, 25 Mei 2014

Binti yangu,

Hapana.

Ningeweza kuiacha barua hapo, lakini wewe ungeandika tena, kwa hiyo nitamaliza leo.

Ilianza mwaka juzi baada ya Ramadhani. Birika likachemka bila kupiga mluzi, nikadhani limeziba, nikanunua jingine. Kisha shomoro wa dirishani, nikadhani wamehama. Daktari mmoja alinifungia kwenye kisanduku akanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia kitu. Nilikaa humo nikingoja aanze, kumbe alikuwa ameshamaliza. Alinichorea mstari kwenye karatasi. Unaanza juu vizuri, upande wa sauti nzito, kisha unashuka kama ngazi za bandarini mpaka chini kabisa. Aliniambia cha kuweka sikioni kipo na kingesaidia mazungumzo kidogo. Nilikijaribu. Muziki ukawa mabati. Kiko kwenye droo.

Mwaka mzima nimepiga harusi kwa ujanja. Sauti nzito bado zipo, na ambazo hazipo nazikumbuka. Ninaweka kiganja kwenye spika ndogo ninayokaa nayo jikoni, wale mume na mke wakigombana naona mapigo mkononi, ninasogeza kifundo mpaka mapigo yapungue, na sauti imekaa. Mikono ilijua kazi. Vigelegele ndivyo vilivyonishinda. Jikoni kwa akina Belhadri nilikaa na vidole juu ya vibao, nikingoja, nikajiambia bibi harusi wa leo anajipamba sana. Nilimwona mama yake mlangoni, mdomo unatembea na hakuna kinachotoka. Hapo ndipo nikasema kinanda kimekufa.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Nimekisingizia kinanda changu mbele ya watu, nikakifunga blanketi na kukitoa mjini kama mbuzi aliyekula nguo za jirani. Kisha nikakuuliza wewe kinasikikaje kwa sababu sina mwingine wa kumuuliza. Barua zako nimezisoma nikiwa nimefumba macho nusu, na pale ulipoandika kwamba noti yangu imelala chini kidogo, niliisikia. Kheira hajui. Ukimwambia atalia na kunipigia kelele, na nusu ya kelele itapotea bure.

Sasa unajua kwa nini siwezi. Naona haya, Zoulikha. Yule msichana wa watu nimemharibia mlango wake. Wewe sitakuharibia. Piga kwa kompyuta.

Lakhdar


Bechar, 8 Juni 2014

Mjomba,

Nimelia, nimenawa, nimekaa mezani. Sasa tuifanye kazi.

Mwanzo nilidhani shida ni namna ya kukujulisha. Nikaandika njia zote. Mama mkubwa agonge ukuta: atasahau, atakuwa anacheza. Taa iwashwe jikoni: siku ya harusi umeme wa mtaa wetu unaujua. Simu itetemeke mfukoni mwako: umeigawa. Wasichana wangu wakapendekeza kamba ifungwe mguuni mwako, na nakuandikia hilo ili ujue unazungumziwa kwa heshima gani.

Baadaye nikaona nimekosea swali. Ni nani aliyesema vigelegele vitangulie? Wimbo wako ndio umekuwa ukingoja miaka yote, ukae jikoni mpaka wanawake waseme. Mara hii hautangoja mtu. Mimi nitakuwa nimeshavaa, nitakuwa nyuma ya mlango wa chumba cha juu na sitatoka. Wewe uko jikoni, unakunywa chai yako, unaweka kiganja kwenye spika. Ukiona uko tayari, anza. Nikikusikia ndipo nitatoka. Ukichukua dakika mbili nitasubiri dakika mbili. Ukichukua saa nzima nitasubiri saa nzima, na atakayesema kisirani nitamjibu mwenyewe kutoka mlangoni, na shela langu kichwani.

La pili. Nakuja na kinanda magotini, Bouziane hatakigusa. Lakini nakuja na kompyuta pia, na hapo hutanibishia. Kinanda kitapiga. Kompyuta itakaa kando yake ikisikiliza, na kwenye kioo chake utaona sauti yako imechorwa, mstari mmoja wa kijani. Nimechora mstari mwingine mwekundu mahali ambapo noti ya tatu inapaswa kulala, kwa kipimo cha rangi ya kucha, si cha vitabu. Joto likisogeza kinanda utaona mstari wa kijani umeuacha mwekundu, nawe utaurudisha kwa unywele mmoja. Masikio yamechoka, lakini macho yako bado yanaona nati ya redio iliyoanguka chini ya kabati.

Niambie ndiyo. Na Kheira mwambie mwenyewe, anastahili.

Zoulikha


Oran, 20 Juni 2014

Mwalimu,

Nimemwambia Kheira. Alilia na kunipigia kelele, kisha akaja na bakuli la supu ya harira na kukaa mbele yangu, na sasa anazungumza akiwa amenitazama usoni, taratibu, kwa mdomo mpana, kama mtu anayemfundisha kasuku. Inasaidia. Nimegundua kwamba mwaka mzima alikuwa hanitukani, alikuwa ananiuliza nimekula.

Watu wa Miloud wamefika na tumeelewana. Ni mwezi wa nane, Alhamisi ya tatu. Huyo muuza dawa ana adabu, na sauti yake ni nzito, naipata karibu yote. Mpokee hivyo hivyo.

Jibu langu ni ndiyo, kwa sharti moja. Sitasikia nilichopiga, si vizuri, si chote. Watu watanisifu, maana ni mzee na ni mjomba wa bibi harusi. Sitaki hizo. Nataka wewe, ukishafika kwako na kutulia, uniandikie ukweli wote. Nilipokosea useme nilikosea wapi na kwa kiasi gani. Na kama kulikuwa na kitu kule juu, nieleze.

Usisimame sana mlangoni. Viatu vya harusi ni vya adui.

Mjomba wako


Bechar, 30 Agosti 2014

Mjomba wangu,

Nimetulia. Miloud yuko dukani, nyumba inanukia rangi mpya na karafuu, na nimefunga mlango nikuandikie ulichodai.

Ukweli wote, basi. Mwanzo ulikuwa mzuri kuliko nilivyokuwa naukumbuka. Zile sauti mbili zilikuwa zinavutana vilevile, na kompyuta yangu haijawahi kunipa hiyo hata mara moja, nami nimeacha kuibishia. Mzunguko wa pili ulikosea. Noti ya tatu ilipanda, joto la jikoni nadhani, na mizunguko miwili hivi ilikuwa juu ya mahali pake. Binamu yangu mmoja aligeuka akamtazama mwenzake, hilo nililiona. Kisha nikaisikia inashuka kidogo kidogo wakati uleule unapiga, mpaka ikalala palepale, na nikajua umeuona mstari. Mwishoni ulikwenda haraka kuliko kawaida yako. Nadhani ulikuwa unaogopa, nami nikashuka ngazi tatu za mwisho mbiombio na nusura nikanyage shela. Hayo ndiyo makosa. Hakuna mengine, nilisikiliza kwa makusudi kuyatafuta.

Sasa kule juu.

Nilikuwa nyuma ya mlango, nimeshika kitasa. Uani palikuwa na kelele za kawaida, watoto, vikombe, mtu anatafuta kiatu. Nilisubiri. Sikutazama saa, kwa hiyo usiniulize ni dakika ngapi. Halafu ukaanza, ile sauti nzito ya kwanza, na uani pakanyamaza kwa pamoja.

Kheira ndiye aliyeanza. Kigelegele chake kilitoka chembamba, kikapanda, kikakaa juu ya sauti yako kikitetemeka kwa kasi kuliko wale mume na mke wako. Kabla pumzi haijamwishia mama wa Miloud akakipokea kwa chake, kikavu zaidi, cha jangwani, chenye ncha. Kisha wale wanawake wa mtaa, hata mama Belhadri, Mjomba, alikuja, nilimjua kwa kule kukatika kwake katikati. Baadaye vikawa vingi nikashindwa kuvitenganisha. Uliuliza zamani kama kule juu kunameremeta. Kunameremeta. Kulikuwa kukali mpaka nikahisi kwenye meno, na kila ulipopanda navyo vilipanda, na ulipotua vilikungoja.

Nakuandikia hili kwa sababu jikoni ulikuwa peke yako na huenda ulidhani vilikuwa vya bibi harusi, kama ambavyo vimekuwa vya mabibi harusi siku zote. Mimi nilikuwa bado nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuwa ameniona.

Binti yako,
Zoulikha